Kaka Yetu wa Mapokezi

Ndugu wa damu na wa ndoa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na kaka yetu, poleni kwa safari na poleni kwa jua hili, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Karibu Baba, kwa kuwa ndivyo alivyomwambia kila mwanamume aliyeingia mlangoni pake, hata awe na umri wa mjukuu wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala hilo na mama muuza maziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaendelea hadi kidato cha nne alichomaliza mwaka 1974, na shuleni walimu walimwandika kuwa ni mwanafunzi wa wastani mwenye maneno mengi, nasi nyumbani hatukubisha.

Mwezi Juni 1977 aliajiriwa kubeba mizigo katika hoteli ya ghorofa tatu iliyo mkabala na stendi ya mabasi, na miaka miwili baadaye akahamishiwa mapokezi, mahali alipopapenda kama mtu apendavyo kwao, akawa anajua mgeni yupi hataki chumba cha upande wa barabarani, yupi hulala taa ikiwaka, na yupi akija amekunja uso aachwe kwanza anywe chai ndipo aulizwe jina.

Hapo hapo hotelini ndipo alipokutana na mkewe, fundi cherehani aliyeitwa kupima madirisha ili ashone mapazia, na vipimo vile vikarudiwa mara nyingi mpaka mwenye hoteli akauliza kama madirisha yanakua. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa binti na mwana, ambao riziki imewapeleka nchi za mbali.

Mwaka 2006 hoteli ilianza kulala na vyumba vitupu, na mwenye hoteli, mzee mwema lakini aliyebanwa, akawaita wafanyakazi wote jikoni kuwaambia kuwa nusu yao wataondoka. Kaka yetu alikuwa ameona wageni wanashuka kwenye basi mbele ya mlango wake, wanashika karatasi waliyochapa kwenye kompyuta huko watokako, kisha wanauliza njia ya kwenda hoteli nyingine, akasimama akasema, "Mzee, wageni hawajatukimbia, hawatuoni. Tupe mwaka mmoja na kompyuta moja kabla hujatoa mtu." Mzee akamuuliza nani ataiendesha, naye akajibu, "Mimi," ilhali hajawahi hata kuiwasha.

Kila jioni binti yake, aliyekuwa chuoni wakati huo, alimfundisha kuchapa, naye kaka akidonoa herufi kwa vidole viwili kama kuku aliyemwagiwa mtama, na mkewe akimwambia ale kwanza maana mashine haina njaa. Mapema mwaka 2007 hoteli ikaonekana kwenye mtandao, na siku lilipoingia ombi la kwanza la chumba kutoka ng'ambo, kaka yetu alisimama, akavaa koti, akajiweka sawa mlangoni, mpaka dobi akamwambia, "Vua koti, Karibu Baba, mgeni bado yuko kwao, anakuja mwezi ujao."

Mwaka ule haukuisha kabla vyumba havijajaa, hakuna aliyeondolewa, paa likabadilishwa, wakaongezwa watu wa usafi na wa jikoni, na wapo hapa leo waliosomesha watoto kwa sababu ya ile kompyuta.

Mwaka 2015 mkewe alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, na mwaka uliofuata mzee mwenye hoteli naye akatangulia, akamwachia bintiye hoteli, naye binti huyo aliweka vitasa vinavyofunguliwa kwa namba, hivyo mgeni akalipa kwa simu, akatumiwa namba kwa simu, akaingia na kutoka bila kuuliza mtu. Hoteli ikazidi kustawi, kaka yetu akasaidia kuufunga mfumo huo na kuwafundisha vijana, akisema dunia haimsubiri anayefunga kamba za viatu. Hakuna aliyemdhulumu, mshahara alilipwa na kiti chake kilikuwa pale pale, ila wageni walipita mbele yake wakitazama simu viganjani mwao, na neno lake la karibu likawa linaanguka sakafuni. Jioni alirudi kwenye nyumba ambayo nayo haikuwa na wa kumjibu.

Alistaafu mwezi Desemba 2019, na mwaka 2022, bila kutuambia, alikodi chumba kwa simu katika hoteli ile ile, akabonyeza namba, akalala, asubuhi akatoka bila kusemeshwa na kiumbe. Alipoombwa na mashine aipime hoteli, akatoa nyota zote tano, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupunja mizani, akaandika: "Kila kitu kipo. Sikuona mtu." Kabla hajaweka simu mfukoni jibu likaingia, "Asante kwa kuwa mgeni wetu, tulifurahi kukuona uso kwa uso, njia yako iwe nyepesi," maneno aliyoyatunga mwenyewe mwaka 2007, alipokuwa akimjibu kila mgeni kwa mkono wake. Jirani yake, fundi baiskeli, anasema kaka alipomsomea jibu hilo alicheka sana, akacheka mpaka akakalia tairi, kisha akaomba maji, akabaki pale hadi karakana ilipofungwa.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa binti wa mzee, akamwambia, "Mwanangu, mashine yako haina kosa, usiiondoe, niliipigania. Nakuomba nikae tu pale kwenye kochi, jioni jioni." Akakubaliwa, akawa anakaa na koti lake, wengi wakimpita wakidhani ni mgeni mwenzao, na wachache wakisimama. Mmoja wao alikuwa mama aliyekuja mjini kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa akipasuliwa hospitali ya jirani, na mama huyo alishindwa kupanda chumbani peke yake, akaketi, nao wakakaa pamoja mpaka simu ya daktari ikaleta habari njema. Jina lake kaka hakulijua, wala hakuonana naye tena, lakini alitusimulia habari hiyo kila tulipokwenda kumwona.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na tarehe 9 Oktoba alfajiri akatutoka, watoto wake wote wawili wakiwa bado njiani. Muuguzi wa zamu ametusimulia kuwa marehemu alisikia nyayo akauliza, "Nani kafika?" naye muuguzi akajibu kuwa ni yeye, marehemu akamwambia, "Karibu, keti."

Familia inawashukuru madaktari waliopigania moyo wake, fundi baiskeli aliyempeleka hospitali na kumrudisha bila kuchoka, majirani, binti wa mzee na wafanyakazi wote wa hoteli mliofunga kazi mje hapa. Na wewe muuguzi, wakati sisi wa damu yake hatukuwapo, nawe ulikuwa na wodi nzima ikikungoja, tunakushukuru kwa kuwa uliketi.

Kaka, pumzika sasa, na amani ikupokee.