Kibuyu Kilichorudi Kitupu

Ndugu wafiwa, wazee wa usharika, majirani, nanyi watoto wa shule, nawaomba mfumbe macho kidogo mlione kanisa letu siku ya Chakula cha Bwana, watu wote wamesimama kwenda mbele, mabenchi yamebaki matupu, isipokuwa lile la nyuma kabisa karibu na mlango, ambako ameketi mama mmoja peke yake, mikono juu ya magoti, naye ndiye aliyekifua jana yake kitambaa cheupe kilichotandikwa juu ya meza ile. Mama huyo ni dada yangu Tabea, na mimi mdogo wake, Mwalimu Aminieli, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea habari za maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Mei 1902, hapa hapa juu ya Maji ya Chai, akabatizwa siku ya Krismasi mwaka 1913, akasoma shule ya misheni kuanzia 1914 hadi 1917, na jioni akirudi nyumbani alinichorea herufi kwa kijiti juu ya majivu ya jikoni, kwa hiyo mwalimu wangu wa kwanza ni huyu aliyelala mbele yenu.

Tarehe 10 Oktoba 1920 alifunga ndoa na Eliasi Sumari, mkulima wa kahawa na ndizi, aliyemtangulia mwaka 1948, nao walijaliwa watoto watatu, Hanna, Lydia, na Thomasi, ambaye Bwana alimchukua akiwa na miezi minne.

Kazi yake ilikuwa shamba, lakini kila alfajiri, kabla ya kukamua ng'ombe, alipiga magoti kati ya mibuni na kuwaombea majirani kwa majina, kuanzia nyumba ya juu hadi ya mwisho kule mtoni, na aliyekuwa amegombana naye alitajwa wa kwanza, na kila Jumamosi alifagia kanisa, mvua inyeshe au jua liwake.

Sasa nafika mahali ambapo familia iliniomba nipite haraka, nami nawaomba radhi, sitapita haraka.

Jumamosi tarehe 2 Desemba 1939 wakwe walikuja kutoka upande wa Themi kumposa Hanna, wakaleta pombe, na kwa desturi yao kibuyu cha upande wa mama hakirudi kimejaa, kikirudi kimejaa binti amekataliwa, na kanisa letu nalo lilikuwa limekataza pombe kabisa. Mzee Elirehema, mzee wa kanisa na jirani yetu, aliketi uani na maji yake, akakiona kibuyu kikiingia ndani kimejaa na kutoka kitupu, na juma lililofuata Tabea akaitwa mbele ya baraza, akaeleza kwamba alikigusa kwa midomo kwa heshima ya wageni, lakini hakunywa.

Mzee Elirehema akasema, "Mama Hanna, kibuyu hakivuji. Hiyo pombe ilikwenda wapi, ilipanda mbinguni?" Baraza lote likacheka, naye akajibu taratibu, "Mungu anajua ilikokwenda, baba," wakacheka zaidi.

Jumapili tarehe 14 Januari 1940 alitengwa na meza ya Bwana mpaka akiri mbele ya usharika kwamba alikunywa, lakini alisema hawezi kumdanganya Mungu ndani ya nyumba yake, na hivyo miaka kumi na mitano alifagia, alifua, aliomba kila alfajiri, jina la Mzee Elirehema likiwa la kwanza, wala hakuonja mkate.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kuumwa na uvimbe tumboni, akalazwa hospitali mjini Arusha, akarudishwa nyumbani mwezi Mei. Jumatano iliyopita mchungaji alikuja na wazee wawili wakiwa na kikombe, akainama akamwambia, "Mama, hata maneno hayahitajiki, kiri kwa kutikisa kichwa tu." Tabea akasema, "Sikunywa, baba mchungaji," kisha akasema, "Aminieli, nipe maji," bila kugeuza macho kunitazama, nami nikampa maji, na mchungaji akakifunika kikombe akaondoka. Alifariki jana, Ijumaa tarehe 17 Juni 1955, saa nne asubuhi, na leo tunamzika kwenye migomba yake, kengele ya kanisa ikiwa kimya, kwa kuwa amekufa akiwa ametengwa.

Ndugu zangu, siku ile ya posa ndani tulikuwa wawili, mama wa binti na mjomba wake. Dada alinipa kibuyu mkononi kikiwa kimejaa hadi shingoni, tukatazamana, nikamhurumia Hanna, nikakinywa chote. Baraza liliponiuliza nilisema nilikuwa nyuma ya nyumba, kwa sababu mwalimu aliyekunywa hufukuzwa, na Tabea alinisikia nikisema hivyo, akanyamaza, akaendelea kunyamaza, nami kila Chakula cha Bwana nimepita kando ya benchi lake kwenda mezani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba machela yake hadi barabarani, akina mama waliomwogesha, na walimu wenzangu, ambao baada ya leo huenda hawataniita mwenzao. Mzee Elirehema, nakushukuru kwa kuja, umesimama mbali, sogea karibu, hapa hakuna aliyetengwa.

Dada, pumzika, kazi yako imekwisha. Nanyi watoto wangu, niliowafundisha kwamba uongo ni dhambi, mkisahau yote niliyowafundisha, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: Tabea hakunywa.