Jailos Kalinga na Migomba ya Bondeni

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliokusanyika hapa Nyololo leo, tarehe 11 Julai 1957, mimi ni Alinanuswe, kaka wa mjane, na kama mnashangaa kwa nini historia ya marehemu inasomwa na shemeji yake badala ya mmoja wa kina Kalinga, hata mimi nilishangaa, na kwa kuwa si mwepesi wa kuamini watu, nilidhani kuna jambo limefichwa.

Marehemu Jailos Kalinga alizaliwa hapa Nyololo tarehe 3 Machi 1921, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya misheni tangu 1931 hadi 1937, na walimu walimsifu kwa mwandiko wake, ingawa mimi mwandiko mzuri kupita kiasi hunitia wasiwasi.

Tarehe 2 Januari 1946 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche ya misitu karibu na Mafinga, ambako pamoja na kutunza misonobari alisoma kipimajoto kila asubuhi na kupima mvua, akiandika yote katika daftari. Mwaka 1948 alitumwa Tukuyu kuleta mbegu, akamwona dada yangu Tupokigwe, wakafunga ndoa kanisani tarehe 16 Julai 1949, na Mungu akawajalia Eliezeri mwaka 1950 na Subilaga mwaka 1953.

Oktoba 1951 nilimpelekea dada yangu miche kumi na miwili ya migomba, kwa kuwa kwetu nyumba isiyo na mgomba hatuihesabu kuwa nyumba. Lori lilitutoa kwenye mvua za Tukuyu, likatuteremsha Chimala penye joto na miiba, likatupandisha tena mpaka kwenye nyasi fupi na upepo wa Mafinga, na katika safari yote hiyo sikujiuliza kwa nini miti ilikuwa ikibadilika njiani. Marehemu alinionyesha mteremko wenye mawe juu ya nyumba yake, nikaona ananipunja, nikang'ang'ania bonde lenye udongo mweusi kando ya kijito, naye kwa heshima ya ukwe akachimba mashimo nilipotaka.

Juni 1952 majani yote yalinywea na kuwa meusi kwa usiku mmoja, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto, nami, ambaye sijawahi kuona mgomba ukifa hivyo, nikawaambia wazee wa Tukuyu kwamba shemeji anaiunguza makusudi, hataki dada yetu atulie kwake. Kila mwaka miche mipya ilipandwa palepale, kila mwaka ikafa, na mwaka 1954 wazee waliamua kwamba ikifa tena tutamrudisha Tupokigwe nyumbani.

Juni 1955 nilifika bila taarifa, nikakagua birika na sufuria, nikahesabu hata kuni, nikalala na viatu miguuni, na alfajiri ya tarehe 21 nikatoka kumfumania. Nilimkuta ameinamia kipimajoto, bonde zima ni jeupe kwa jalidi, umande ulioganda kwa baridi, migomba imekauka kama barafu, na kule juu kati ya mawe imesimama mitatu ya kijani, aliyoipanda mwenyewe bila kumwambia mtu.

"Shemeji," aliniambia, "usiku baridi inateremka, inatuama bondeni kama maji. Msonobari unaivumilia. Mgomba wenu haujawahi kukutana nayo."

Niliwaambia wazee kwamba migomba imepona, dada akabaki kwa mumewe, lakini sikueleza zaidi ya hapo, na wengi wenu mliotoka Tukuyu mmeendelea kumtazama marehemu kwa jicho baya mpaka juzi.

Alianza kukohoa mwezi Mei mwaka huu, akalazwa Iringa tarehe 24 Juni kwa kichomi, ambako nilimtilia shaka daktari na kunusa kila dawa, na marehemu akaniomba nisome historia yake, bila kutaja sababu. Alifariki tarehe 9 Julai, saa tatu asubuhi.

Nilidhani anataka niaibike mbele yenu, kwa hiyo jana nilipekua madaftari yake nikitafuta jina langu, na kwenye Oktoba 1951, chini ya hesabu za mvua, nikakuta ameandika: "Migomba kumi na miwili, bondeni. Mahali nilipachagua mimi."

Ndugu waombolezaji, kwa miaka kumi na moja daftari la Jailos halikuwa na kosa ila hilo, nami nalisahihisha mbele ya jeneza lake. Mahali pale nilipachagua mimi. Tupokigwe, dada yangu, hata wewe hakukuambia.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Iringa, majirani waliolala nasi matanga, na wafanyakazi wenzake wa kitalu waliombeba hadi hapa.

Lala kwa amani, shemeji, na unisamehe.