Mabati Yamezunguka Bustani

Kijiwe kile kiko mbele ya kibanda cha fundi saa, benchi moja refu lililopigwa misumari mara nyingi kuliko jeneza. Mwenye kibanda wanamwita Dakika, kwa sababu kila ukimpelekea saa hukwambia “dakika moja tu,” na saa yako unaipata wiki ijayo. Pembeni yake hukaa Wembe, kinyozi, mtu wa methali nyingi na maana chache, na Sindano, fundi cherehani. Kahawa ni ya Mama Buli, anayemimina kabla hujaomba. Jioni hiyo hata salamu zilitoka kwa meno yaliyobanwa. Asubuhi walikuwa wameamka wakakuta bustani ya ng’ambo ya barabara imezungushiwa mabati, geti lina kufuli, na ndani msumeno unanguruma.

— Hawa watu hawana haya! alifoka Wembe. Wanatengeneza maegesho ya magari.

— Maegesho gani? Hoteli hiyo, alisema Sindano. Ghorofa ishirini. Tutaona jua kwa kuhadithiwa.

— Basi sikieni, alisema Wembe. Zile nyasi hazitupwi. Zinakunjwa kama mkeka, zinakwenda kutandikwa uani kwa mkubwa mmoja. Na miti yake vilevile.

— Mti mzima unausafirishaje?

— Wahenga walishajibu: mti hauendi ila kwa nyenzo. Hukuiona ile winchi?

— Wembe, wee!

— Tena pale chini kuna kitu. Mvua zote zile, mbona bustani haijai maji? Maji yanakwenda wapi? Kuna handaki. Na ramani ya handaki anayo mtu wa hapahapa mtaani. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa niambieni, nguo za mtaa huu anashona nani?

Wote wakamgeukia Sindano.

— Mimi? Sindano aliruka, kahawa ikammwagikia gotini. Mimi niuze bustani? Na wewe unayeshika vichwa vya watu kutwa nzima, si ndiye unayejua siri zao?

Dakika hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa hajafungua hata saa moja. Alikuwa akimfikiria mkewe.

Miaka miwili nyuma mkewe alipooza upande wa kushoto. Daktari alisema dawa yake kubwa ni kutembea, lakini chumbani kwao, kutoka kitandani hadi kabatini, ni hatua tatu. Dakika akawa anampeleka bustanini. Wiki ya kwanza alisimama tu, amekumbatia mti, huku machozi yakimtoka kwa aibu. Wiki ya pili wanawake waliokuwa wakipumzika pale, ambao hata jina lake hawakulijua, walianza kumhesabia hatua kwa sauti. Siku moja Dakika alipokwenda kuchota maji bombani, mkewe aliyumba, akadakwa na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa Sindano. Wawili hao walikuwa hawajasemezana mwaka wa tano, ugomvi wa mtaro wa maji machafu. Dakika alirudi akamkuta hasimu wake amemshika mkewe kama yai. “Shika mkono ule, na mimi huu,” Sindano alimwambia. Ugomvi ulikwisha hapo. Mpaka juzi mkewe alikuwa amefika hatua mia mbili na kumi.

— Dakika, mbona umekaa kama saa mbovu? Wembe alimuuliza. Usijali, bwana. Asiyesikia la mkuu...

— Malizia!

Dakika alikuwa amesimama.

— Malizia, Wembe! Huvunjika guu, siyo? Mke wangu mguu wake umekufa, hakuna mkuu aliyemkaidi! Pale ndipo ulipokuwa unafufuka! Nyinyi mnacheza na mahandaki na hoteli. Kesho nikamtembeze wapi? Barabarani, agongwe na pikipiki? Wamekuja kama wezi, hawakumwambia mtu, hawakumuuliza mtu! Sisi ni nani kwao? Kokoto?

— Hawakutuuliza! Sindano alidakia, naye amesimama.

— Hawakutuuliza hata kidogo! alisema Wembe, na safari hii hakuwa na methali.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwa Mama Buli akingoja kahawa yake. Ni muuguzi, amehamia jengo la nyuma wiki iliyopita.

— Samahani, kaka zangu, alisema. Mwezi uliopita nilikuja kutazama chumba, nikaona tangazo kwenye geti la bustani. Lilisema wakazi wote wafike ofisi ya mtaa, Alhamisi saa kumi, watoe maoni kuhusu bustani. Mimi nilikuwa bado si mkazi, nikaona hainihusu. Hicho kikao, alikwenda nani?

Wembe alimtazama Sindano. Sindano alitazama goti lake lililolowa. Dakika alilikumbuka lile tangazo. Alikuwa amemwegemeza mkewe palepale getini ili amfunge kamba za viatu, na karatasi ilikuwa mbele ya pua yake, ina mhuri. Yeye, anayesoma maandishi ndani ya saa ya kike, hakuisoma.

— Alhamisi saa kumi... alisema Sindano polepole. Sisi tulikuwa wapi?

— Hapa, alijibu Mama Buli. Mlikuwa mnabishana kuhusu mpira. Niliongeza mkaa mara mbili.

Hakuna aliyeinua kikombe. Ng’ambo ya barabara kitu kizito kilianguka nyuma ya mabati, na benchi likatikisika. Dakika alifunga mlango wa kibanda, akavuka barabara. Alipofika getini aliupiga ule mlango wa bati kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu zake zote, akasimama palepale, hajui kofi la pili ni la nani.