Nilimwita Muuza Hewa

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi wenzangu, hamjambo. Ndugu Waislamu, asalaam aleykum. Wakatoliki wenzangu, tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti kanipa nafasi, na kabla sijaanza naomba kitu kimoja. Nitamsema mtu bila kumtaja jina, na najua mtamjua. Tafadhali msigeuke kumtazama. Wewe hapo benchi la nyuma, umeshageuka tayari.

Mimi mnanijua, fundi viatu wa Mfaranyaki, karibu na kijiwe cha bodaboda. Simu za kugusa zilipoingia mjini, mimi ndiye niliyeanza pale mtaani kushona makava ya ngozi. Mwalimu akihamia kutoka mkoa mwingine, wiki ya kwanza ananunua sufuria, wiki ya pili anakuja kwangu kushonewa kava la simu. Nilijiona. Sidanganyi, nilijiona haswa.

Basi akaja mama mmoja kutoka Namasakata, kule Tunduru. Akapanga kibanda upande wa pili wa barabara, ananitazama, namtazama. Hana cherehani, hana nyundo. Ana kisu, gundi na gunia la ndala zilizochakaa. Nikacheka. Anaziosha, anazikata, anatengenezea makava ya simu na vishikwambi. Siku ya tatu akapanda juu ya stuli, akaishika simu yake mwenyewe ikiwa ndani ya kava, akaiachia ikaanguka kwenye zege mbele ya vijana wa bodaboda. Pa! Wakaiokota, nzima. Vijana wakapiga kelele utadhani timu yao imefunga goli.

Ndugu zangu, nawaambia, kelele ile iliniuma. Tangu siku hiyo nikawa sifanyi kazi, nahesabu migongo. Wateja wangu wanavuka barabara, mimi naiona migongo yao tu. Mmoja nilimshonea viatu vya harusi, jamani! Nikimwona amekaa kule anacheka na yule mama, sindano inanichoma kidole. Na mama mwenyewe kila asubuhi, "Kaka, umeamkaje?" Akienda kwao kusalimia, anarudi na korosho za kukaanga, ananiletea kwenye karatasi. Nashukuru kwa mdomo, akigeuka tu nawamwagia kuku. Kuku wa jirani walinenepa sana.

Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, huyo mama utammaliza kwa macho." Nikamwambia aache maneno yake. Lakini alisema kweli. Ulikuwa wivu, ule wa kusaga meno.

Nikamtuma mtu akaninunulie kava lake moja. Nikajificha nyuma ya kibanda, nikalipasua. Pembe zake nne zilikuwa zimevimba, nikategemea nitakuta raba imeshindiliwa ndani. Hamna! Pembe zote tupu. Kijimfuko cha ndala laini, ndani hewa. Aisee, nilifurahi mpaka nikaimba.

Hapa msioshona viatu mnisikilize. Kwetu sisi uwazi ni uzembe. Ukibandika soli, unaigonga nyundo mpaka hewa yote itoke, maana ikibaki hata kidogo, soli itaachia na mteja atakutukana mbele ya watu. Fundi aliyenifundisha aliwahi kunizaba kofi kwa sababu ya hewa. Kwa hiyo nilipoona ule uwazi, kichwa changu cha fundi viatu kikasema: huyu mwizi, anawapunja watu mpira. Wivu wangu ukapata ushahidi.

Wakati huo ofisi moja, siitaji, ilikuwa inatafuta makava ya vishikwambi vya mabwana shamba, wale wanaozunguka vijijini kwa pikipiki. Walikuwa wameshakubaliana na yule mama. Mimi nikavaa shati la kanisani, nikaenda na lile kava lililopasuliwa. Nikawaambia, "Huyu anawauzia hewa. Angalieni wenyewe." Wakaangalia. Wakamnyang'anya kazi, wakanipa mimi. Na mtaani nikampa jina, Muuza Hewa. Vijana wa bodaboda wakalidaka. Akipita wanamwita hivyo, naye anainamisha kichwa, anapita. Wateja wake wakapungua. Moyo wangu ulikuwa mtamu siku zile, Mungu anisamehe.

Nikatengeneza makava yangu kwa mpira wa tairi. Nikashindilia kila pembe, nikashona mara mbili. Kishikwambi kikiingia hakitikisiki.

Haukupita muda, bwana shamba wa kwanza akarudi. Pikipiki ilimwangusha kwenye utelezi. Akaniwekea kava mezani, halina hata mkwaruzo. Nikatabasamu. Akalifungua. Kioo kimekuwa unga. Nikamwambia, "Wewe ulianguka vibaya." Wa pili akaja na habari ileile, kava zima, kioo vipande. Wa tatu hakuanguka kabisa, kishikwambi kilimponyoka tu mezani. Ofisi ikanirudishia makava yote kwenye gunia, na mkubwa wao akaniambia mbele ya watu, "Bora hewa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia kichwa chini. Nikafunga kibanda, gunia nikalitupa nyuma yake. Nikahamia kilabuni kwenye ulanzi, tangu asubuhi. Viatu vya watu vikabaki kwenye rafu vinaota ukungu. Na hata nimelewa, swali langu lilikuwa moja: yule mama leo kauza? Yaani nimeanguka mimi, bado namchungulia yeye!

Asubuhi moja mke wangu akanitikisa, "Amka, una mgeni." Natoka barazani, ni yeye, na lile gunia langu mkononi. Nikamwambia, "Haya, cheka, ukimaliza uende." Akakaa kwenye mkeka, akamwomba mke wangu mayai mawili.

Yai la kwanza akalibana ndani ya mpira wangu wa tairi, akalifunga vizuri, akaliachia sakafuni. Ute ukatoka. La pili akaliweka ndani ya vipande vya ndala, pembeni kaacha vijimfuko vyake vitupu. Akaliachia. Akalifungua, zima. Akampa mke wangu, "Hili mpikie, dada."

Kisha akanigeukia. "Kaka, ulisema nauza hewa. Hukukosea. Nimebeba mayai kwa baiskeli miaka mingi kule kwetu, barabara mnaijua. Kishindo kikija kinatafuta pa kukaa. Wewe umejaza kila mahali, kikakosa nafasi, kikaenda kukaa kwenye kioo."

Nikamuuliza, na sauti yangu mbaya kabisa, "Sasa mbona unanifundisha?"

Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kava langu, la ngozi, la kwangu mwenyewe. Limepasuliwa katikati! "Nililinunua wiki niliyofika," akasema. "Nilitaka kuona fundo la uzi unalificha wapi. Ya kwangu gundi ikipigwa na jua inaachia. Nilikuonea wivu, kaka, sikufichi. Ila mimi nilipasua, nikanyamaza."

Ndugu zangu, angenitukana ningepona haraka. Nililia pale mbele ya mke wangu, na ute wa yai sakafuni.

Akaniomba jambo moja tu, "Lile jina ulilonipa, ulitoe mwenyewe." Basi nikaenda kijiweni, nikapanda juu ya stuli yake ileile, nikawaambia vijana: "Huyu mama nilimsingizia. Hewa yake ndiyo inayookoa kioo. Nilisema vile kwa wivu." Walinizomea! Nikatoka pale nikaenda ofisini, nikarudia maneno yaleyale, shati lilelile la kanisani. Yule mkubwa akasema wataanza na kava moja la majaribio. Tukalitengeneza wawili, pembe zake, mshono wangu. Bwana shamba akaanguka nalo, maana wale kuanguka ni kawaida yao, akarudi anacheka. Kazi ikarudi kwa mwenyewe, na mimi akanipa kushona.

Namshukuru mke wangu, aliyeona ugonjwa kabla yangu. Nawashukuru vijana wa bodaboda, mlinizomea, kesho yake mkaniletea viatu. Na wewe mama, nisiyekutaja, ahsante. Ukipasua kazi ya mwenzako ukakuta usichokielewa, ndugu yangu, vuka barabara ukamuulize. Usikimbilie kutangaza.

Msidhani wivu umeisha. Juzi mteja kaingia, kanipita, kauliza, "Yule mama yuko wapi?" Sindano ikanichoma kidole palepale. Nikamwita mama, nikarudi kwenye sindano yangu.

Na zile korosho, siku hizi nazila. Kuku wa jirani wamekonda. Ni tamu, jamani, sijawahi kuonja korosho za kukaanga kama zile, na hata hilo linaniuma.