Elinipendo wa Kwenye Kalenda

Baba Mchungaji, wazee wetu, ndugu waombolezaji, shikamooni na poleni. Mimi ni Efraimu, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote.

Dada Elinipendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji hiki, huku juu ya Sanya Juu, akamaliza darasa la saba mwaka 1983, kisha akaanza kukata majani ya ng'ombe na kupeleka maziwa sokoni, kazi aliyoifanya hadi mwisho. Mwaka 1990 alifunga ndoa na Jackson katika usharika huu, wakajaliwa watoto wawili, Doris na Filbert, na Jackson akafariki mwaka 2012.

Februari 2023 aliingia kikundi cha akina mama watano, kila mmoja mdhamini wa mwenzake, wakakopa kwa kampuni moja ya Moshi mjini, naye akanunua ng'ombe wa maziwa. Afisa mikopo alikuja na mpiga picha, akamwambia, "Mama, cheka kidogo, watu waone umaskini umekwisha," na picha ile wakaichapa kwenye kalenda yao ya 2024. Ng'ombe alikufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, mwezi Machi mwaka huu, kalenda ikiwa bado ukutani. Marejesho yakamshinda, na tarehe 3 Juni afisa yule yule aliwaambia wale akina mama wanne waliomdhamini wachague vya kulipia deni, vitu vya Elinipendo au vya kwao, wakaenda wakabeba kitanda, godoro, madumu ya maziwa, na mlango wa mbele wakaung'oa.

Nayasoma haya kwa kinyaa, na kinyaa chenyewe kinaanzia kwangu, maana walipita na godoro lile mbele ya nyumba yangu, nikawasalimia, nikarudi ndani.

Dada alilala sakafuni katika baridi hii mnayoijua, kifua kikambana, tarehe 24 Juni akalazwa Moshi kwa nimonia, na Jumanne tarehe 9 Julai 2024, alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, wauza maziwa wenzake waliofunga biashara leo. Tunamshukuru pia Yuditha, mmoja wa wale wanne, aliyekuja jana akasimama mbele ya watoto, akasema, "Godoro nililibeba mimi," wengine watatu wamekaa hapa na hawajasema kitu.

Kampuni imeleta shada la maua lenye jina la kampuni yenyewe, ikaomba dakika tano za kutoa neno. Shada tumeliweka nje ya uzio, na dakika hizo hawatapewa.

Dada, umechoka, lala salama.