Pengo Katika Mistari ya Nyota

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alipomaliza shule ya msingi alijifunza kupiga picha kwa mjomba wake, na mwaka 1981 akafungua studio ya picha za pasipoti. Wateja walimwita Usicheke, maana alimwambia kila mmoja hivyo, na kila mmoja alicheka.

Alimuoa mama yetu tarehe 6 Desemba 1986.

Nyota alizipenda kupita kiasi. Alitega kamera juu ya paa, ikapiga picha mia mbili mfululizo, kila moja sekunde thelathini. Kisha alizipandanisha kwenye kompyuta, moja juu ya nyingine, hadi kila nyota ikaacha mstari uliopinda. Usiku huo kuwasha taa ilikuwa marufuku, kwani picha zikiungua kwa mwanga mistari inakatika. Mimi, kitinda mimba wake, niliwasha ya jikoni nikiwa na miaka tisa. Nilijua nitachapwa. Kesho yake alinionyesha pengo: "Hapa ndipo ulipoamka kunywa maji." Angeweza kuliziba, hakuliziba. Picha hiyo ipo sebuleni hadi leo.

Januari 2024 daktari alikuta moyo wake umepanuka, akamkataza ngazi. Mama akaficha ufunguo wa paa, baba akanuna miezi mitano. Usiku wa tarehe 8 Julai mama akalegea: "Haya, baba watoto, panda. Saa mbili tu, nami nipo hapa chini."

Mama alikaa gizani kwenye ngazi. Mara akasikia kishindo, akaita. Baba akajibu, "Usiwashe, mama watoto. Bado kumi."

Picha kumi ni dakika tano. Mama alingoja dakika tatu, akaita tena. Kimya. Aliwasha taa zote za nyumba.

Baba alifariki hospitalini saa kumi na moja alfajiri, tarehe 9. Daktari ametuhakikishia dakika zile zisingebadilisha kitu. Mama hajakubali. Tangu siku hiyo anasema, "Ningewasha pale pale."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Tulipompeleka hospitali tuliisahau kamera juu. Jirani alizima taa akafunga nyumba, nayo, bila baba wa kuizima, ikaendelea kupiga hadi betri ikaisha. Picha ya jalada la ratiba hii ya mazishi ndiyo hiyo. Kaka alitaka kuziba pengo, nikakataa.

Mama, tazama pale mistari ilipokatika. Hapo ndipo ulipokuja.

Baba apumzike kwa amani. Na wewe mama, pumzika.