Uzio wa Mbono wa Papa Habarurema

Katika basi ya kutoka Rutshuru, muzee Habarurema alimuelezea mama mumoja muuza maharagi kwamba kuna mutu anamungoja Munigi. Mutu huyo anataka shamba lote la muzee lipandwe mbono, mbegu zikamuliwe mafuta ya magari.

“Na hiyo mbono wanakula?” mama akauliza.

“Hata mbuzi haikule. Ndiyo maana nimeipanda kwenye uzio. Mbegu za uzio nitamupa zote, lakini maharagi ndiyo inalisha nyumba yangu, siing’oe.”

“Papa, magari ikikosa mafuta, maharagi yako itafika Goma kwa mabawa?”

Muzee akacheka. “Na gari ikinikuta sina maharagi, itabeba nini?”

Mama hakukubali, ila alisogeza ndoo yake ili muzee anyooshe muguu. Mimi, niliyekaa kiti cha nyuma yao, nilimuangalia tu. Alivaa koti ya kanisa, siku ya kazi, kwa kwenda kukatalia mutu uso kwa uso.

Tukasimama Munigi. Mutu wa mafuta alikuwa pale, karatasi mukononi. Muzee akashuka polepole.

“Papa,” mama akaita dirishani, “akikataa mbegu za uzio?”

“Nitarudi kupalilia maharagi yangu.”